Iangalie Kwanza Zinia Yako

(Haya niliyasema mbele ya mkutano wa wapenda bustani. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.)

Mabibi na mabwana, wazee wetu, vijana wetu, na ninyi mliokaa kule nyuma karibu na mlango mkidhani sitawaona, karibuni nyote.

Nianze na swali. Wangapi humu mmewahi kupanda zinia? Nyoosheni mikono. Naam, ni wengi. Haya, wangapi imewahi kuwafia? Mikono haijapungua sana, naona. Sasa swali la tatu, na hili mnijibu kimoyomoyo tu: ilikufa kwa kukosa maji, au ilikufa huku kopo la kumwagilia likiwa mkononi mwenu?

Mnacheka. Basi mmeshaelewa nilichokuja kusema. Nina neno moja tu leo na nitalizungusha mpaka mnichoke: iangalie kwanza. Kabla hujamwaga maji, iangalie. Kabla hujatia mbolea, iangalie. Kabla hujanunua dawa, iangalie. Zinia nyingi zinazokufa kwenye bustani zetu zinakufa mikononi mwa watu wenye bidii, watu wenye ratiba ukutani: Jumatatu maji, Jumatano maji, Ijumaa mbolea. Mmea haujui leo ni Jumatatu.

Tuanze na huyu tunayemzungumzia. Zinia ni mmea wa maua wa msimu mmoja. Huota, hukua, huchanua, huzaa mbegu na kufa, yote ndani ya mwaka mmoja. Asili yake ni Meksiko, kwenye nyika kavu na vichaka vyenye jua. Mwaka 1759 Carl Linnaeus aliupa jamii hii ya mimea jina la Johann Gottfried Zinn, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifundisha Göttingen, Ujerumani. Zinn ndiye aliyeandika kitabu maarufu cha kueleza jicho la binadamu lilivyoumbwa ndani, kikatoka mwaka 1755. Mpaka leo madaktari wa macho wanazitaja nyuzi zinazoshikilia lenzi ya jicho kwa jina lake. Akafariki mwaka huo huo wa 1759, akiwa na miaka 31. Aliishi kidogo, akaangalia mengi.

Na kwa wanaopenda mambo ya siasa za maua: jimbo la Indiana huko Marekani liliifanya zinia kuwa ua lake rasmi mwaka 1931, kisha mwaka 1957 likaiacha na kuchukua peoni. Uamuzi wao tunauheshimu. Tuendelee.

Nimetaja nyika kavu na jua. Je, ni kwa ajili ya kuwapamba masikio? La. Ukishajua mmea umetoka wapi, nusu ya matunzo umeshaijua. Zinia inataka jua la moja kwa moja, saa sita kwa siku au zaidi. Inataka udongo unaopitisha maji. Inataka joto. Mbegu huota vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 21 hadi 27, na hapo utaona kijani ndani ya siku nne hadi saba. Ukizifukia kwenye udongo wa baridi na majimaji, zitakaa humo zikiwaza, kisha zitaoza. Anayeishi penye baridi kali asubiri baridi yote ipite, maana umande ulioganda wa usiku mmoja unaimaliza. Anayeishi penye joto mwaka mzima aepuke kilele cha mvua.

Fukia mbegu kina cha sentimita moja hivi, isizidi. Na ipande pale pale itakapokaa. Mizizi yake haipendi kusumbuliwa, na mche uliohamishwa ovyo hudumaa wiki nzima huku ndugu yake aliyepandwa moja kwa moja anampita. Ukilazimika kuanzia kitaluni, otesha kwenye vikopo vya karatasi, uhamishe mche pamoja na kikopo chake ukiwa bado mdogo.

Halafu inakuja kazi ambayo watu wengi hawaiwezi, na si kwa sababu ni ngumu. Ni kupunguza miche. Miche imetoka mingi, imependeza, imebanana kama abiria wa basi la mwisho, na wewe unatakiwa uondoe zaidi ya nusu yake. Nafasi kati ya mche na mche iwe sentimita 25 hadi 30 kwa zile ndefu, na 15 hadi 20 kwa zile fupi. Nani ana moyo huo? Nilikuwa na jirani, mama mkarimu sana, aliyekataa katakata. "Nitaiuaje na imeota yenyewe?" Akaiacha yote. Ikarefuka kutafuta mwanga, shina jembamba, majani ya chini yakawa hayapati hewa, na kabla ua la kwanza halijafunguka kitanda kizima kilikuwa cheupe kwa ubwiri unga, ule ugonjwa wa kuvu. Ndugu zangu, usiing'oe, maana ukivuta mmoja unatikisa mizizi ya wenzake. Chukua mkasi, ukate kwenye usawa wa udongo. Kata, geuza uso, endelea.

Sasa niingie kwenye maji, na hapa nitakaa kidogo.

Niwachukue mbali, mbali kweli. Novemba 2015, katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachoizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, wanaanga waliwasha taa za kijibustani kinachoitwa Veggie na kuanza kuotesha zinia. Walikuwa wameshaotesha letusi na kuionja mwezi Agosti. Kwa nini sasa zinia? Kwa sababu ni mtihani mgumu zaidi. Letusi huvunwa baada ya mwezi mmoja na siku chache, lakini zinia huhitaji siku 60 hadi 80 za matunzo, na hujibu upesi mwanga au hewa ikiharibika. Wataalamu walitaka kujifunza nayo kabla ya kujaribu mimea inayochanua na kuzaa, kama nyanya.

Mbegu ziliwekwa kwenye vifuko vyenye chembe za udongo wa mfinyanzi na mbolea, na maji yalitolewa kwa mpango uliopangwa huku duniani. Mpango wa wataalamu, wenye elimu zao. Ikawaje? Maji yakazidi. Yakaanza kuvuja kwenye vifuko, majani yakatoka matone kwenye kingo, yakajikunja. Hewa ilikuwa haipiti vya kutosha. Desemba ikaingia na ukungu ukaonekana kwenye majani.

Mwanaanga Scott Kelly akakata sehemu zilizoharibika, akaifuta mimea, na feni ikaongezwa kasi ili kukausha unyevu. Mnadhani mambo yakaisha? Yakageuka. Upepo ukawa mwingi, mimea ikaanza kukauka. Tarehe 24 Desemba Kelly akaona kwa macho yake kwamba mimea ina kiu, lakini kwa mujibu wa ratiba siku ya maji ilikuwa bado. Akawaambia walioko duniani, nami nafupisha maneno yake: kama siku moja tutakwenda Mars na kuotesha vitu huko, ni sisi wenyewe tutakaoamua lini vinataka maji, kama ninavyofanya nyuma ya nyumba yangu, naangalia, nasema pengine leo nimwagilie.

Naangalia! Mmelisikia hilo neno? Mtu yuko kilomita 400 juu ya vichwa vyetu, ana kompyuta na wahandisi wa kila aina, na anachoomba ni ruhusa ya kuangalia mmea wake na kuamua.

Wakamsikiliza. Ratiba ndefu ikawekwa kando, wakamtumia maelezo ya ukurasa mmoja ya namna ya kutunza zinia, yaliyobaki wakamwachia yeye. Katikati ya Januari 2016 akatuma picha ya ua la rangi ya chungwa limechanua, nyuma yake dunia inaonekana dirishani. Tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, akayachuma na kupiga picha shada lake. Wengine walitangaza kwamba hilo ndilo ua la kwanza kuchanua angani, na hapo waliteleza: mwaka 1982, kwenye kituo cha Kisovieti cha Salyut 7, mmea mdogo wa arabidopsisi ulikuwa umeshachanua. Lakini hilo haliipunguzii zinia kitu.

Turudi chini. Wewe huna ukurasa kutoka angani, una kidole. Kichomeke kwenye udongo mpaka kifundo cha pili. Kuna unyevu? Ondoka. Kumekauka? Mwagilia, na mwagilia sawasawa, maji yashuke mpaka kwenye mizizi, kisha iache. Kumwagia kidogo kidogo kila siku kunailea mizizi juu juu, na siku utakayosafiri hiyo mizizi haitakuwa na pa kukimbilia. Ni miche midogo tu inayohitaji udongo usikauke. Mmea ukishashika, zinia huvumilia kiu kuliko unavyodhani.

Na jambo jingine la kuangalia. Saa saba mchana, jua kali, utaona majani yamelegea. Wengi hapo hukimbilia bomba. Subiri. Rudi jioni. Kama majani yamesimama tena, mmea ulikuwa unajikinga na jua tu. Kama mpaka asubuhi bado yamelegea, chunguza udongo, na hapa kuna mtego: mmea wenye kiu hulegea, na mmea ambao mizizi yake imeoza kwa maji hulegea vilevile. Kwa mbali hutawatofautisha. Kidole kitakwambia.

Maji yapelekwe chini kwenye shina, asubuhi. Kwa nini chini? Kwa sababu ya magonjwa ya madoa. Kuna madoa ya kuvu, ya rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, katikati yamekuwa ya kijivu. Kuna madoa ya bakteria, yenye pembepembe, yamezungukwa na umanjano. Yote mawili husafiri kwa matone yanayorukaruka kutoka jani hadi jani. Ukiinua kopo na kuinyeshea mvua juu ya kichwa, umeyakodishia usafiri.

Ubwiri unga ni kisa kingine, na watu huvichanganya. Ule unga mweupe juu ya majani hauhitaji jani liwe limeloa. Wenyewe unapenda hewa nzito yenye unyevu, kivuli, na mimea iliyobanana. Kwa hiyo mtu anaweza kumwagilia chini kwa nidhamu yote na bado akaupata, kwa sababu hakupunguza miche. Mnamkumbuka yule mama jirani? Ukiuona mapema, kwenye majani mawili matatu ya chini, yakate na uyatoe bustanini, usiyaache chini ya mmea. Ukiuona mwishoni mwa msimu, mmea umeshachanua na umechoka, mimi siuhangaikii. Nakata maua, nang'oa mmea. Kuna pia aina zilizochanganywa ili zihimili ugonjwa huu, nyingi zikiwa fupi na zenye maua madogo, nazo zinafaa sana kwa anayeishi penye unyevu.

Mbolea sitaipotezea muda. Changanya mboji kwenye udongo kabla ya kupanda, basi. Ukizidisha naitrojeni, kile kirutubisho cha kukuza majani, utapata kichaka cha majani mazuri, mashina laini, na maua ya kuhesabika. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wakija kwenye ncha changa, wapige kwa maji ya bomba asubuhi jani lipate kukauka mchana. Sota, yule funza anayekata mche usiku na kuulaza chini, mzuie kwa kuuzungushia mche kipande cha karatasi ngumu kilichozama kidogo ardhini.

Sasa mkasi. Hapa ndipo nitakapogombana na baadhi yenu.

Zinia yako imefika sentimita 20 au 30. Ina jozi tatu au nne za majani. Juu kabisa kuna tumba la kwanza, la kwanza maishani mwake, umelisubiri. Mimi nakwambia likate. Kata ncha yote, juu kidogo ya jozi ya majani. Naona nyuso zinakunjamana! Lakini chunguzeni shina lenyewe: majani ya zinia hutoka mawili mawili yakitazamana, na kwenye kwapa la kila jani kuna chipukizi limelala. Ncha ya juu ikiwepo, inayazuia yasiamke. Ukiiondoa, yanaamka yote mawili. Shina moja linakuwa mawili. Ukikata hayo baadaye, yanakuwa manne.

Kuna mzee mmoja, rafiki yangu na mwalimu mstaafu, ambaye hakutaka kunisikia. Tulipanda wiki moja, mbegu za pakiti moja. Lake la kwanza lilichanua mapema, kubwa, jekundu, akanipigia simu nikalione. Nikaenda, nikalisifu, kwa kweli lilistahili. Yangu wakati huo yalikuwa vishina vilivyokatwa vichwa, havina hata haya. Wiki zikapita. Mmea wake ukabaki na shina moja refu lenye ua linalozeeka na vitawi viwili vitatu vya pembeni, ukaangushwa na upepo. Yangu yalikuwa vichaka, kila tawi na ua lake. Akaja, akatazama, akaniambia: "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Msimu uliofuata alikuwa na mkasi mkubwa kuliko wangu.

Na ukishaanza kukata, usiache. Zinia ina shabaha moja tu duniani, kuzaa mbegu. Ua likizeeka kwenye shina na kuanza kukomaza mbegu, mmea unaona kazi inakwisha. Ukilikata, unaanza upya. Kata kwa ajili ya chombo cha maua, kata kwa ajili ya jirani, kata hata kama huna pa kuweka.

Lakini kata lililo tayari. Zinia iliyokatwa mapema haifunguki zaidi ndani ya maji, inainamisha shingo na kufa. Utajuaje? Shika shina sentimita 20 chini ya ua, ulitikise taratibu. Kichwa kikiyumba na shingo kulegea, liache siku chache. Shina likisimama gumu kama kijiti, kata. Ondoa majani yote yatakayozama, badilisha maji mara kwa mara, na usiliweke kwenye jokofu kwa kudhani unalisaidia. Huu ni mmea wa joto, baridi inauchoma.

Nimalizie na mbegu, maana mtu akishapata zinia nzuri hataki kununua tena.

Chukua ua la zinia ulitazame kwa karibu. Mnadhani ni ua moja? Ni umati. Kila kinachoonekana kama petali ni ua kamili la kike, lina mahali pake pa kuzalia mbegu. Na vile vinyota vidogo vya njano vya katikati, kila kimoja ni ua lenye sehemu za kiume na za kike pamoja, na humo ndimo mna chavua. Ndiyo maana zile zinia zilizojaa petali tupu mpaka katikati, zinazopendwa kwenye picha, haziwapi nyuki na vipepeo kitu kikubwa. Ukitaka vipepeo, panda pia zenye safu moja ya petali, kitovu chake kiwe wazi.

Nyuki hao hao ndio watakaokuchanganyia rangi. Ukipanda nyekundu karibu na nyeupe, watoto watakuja na rangi zao wenyewe. Wengine hilo linawaudhi, mimi linanifurahisha. Ila kama ulinunua mbegu chotara za kizazi cha kwanza, usitegemee watoto wafanane na mzazi. Na usisubiri ya buluu, zinia haina buluu.

Chagua mmea mzima, wenye afya, kwa sababu yale magonjwa ya madoa niliyoyataja husafiri pia ndani ya mbegu. Acha ua likauke kwenye shina mpaka liwe la kahawia na kikonyo chake kikauke pia. Likate siku isiyo na mvua, lianike kivulini juu ya karatasi, kisha zihifadhi mbegu kwenye bahasha, mahali pakavu pasipo joto. Andika aina na mwaka. Kwenye mfuko wa plastiki zikiwa bado na unyevu zitaota kuvu.

Kwenye meza ya pembeni nimeweka vichwa vilivyokauka, vya rangi mbalimbali. Mkipita, kila mmoja avute petali moja kavu. Chini yake utaona kitu cha kijivu, bapa, chenye ncha kama ya mshale: hiyo ndiyo mbegu. Ikunje kidogo kwa kucha. Ikiwa imara na imejaa, tia mfukoni. Ikikunjika kama karatasi haina kitu ndani, vuta nyingine. Haya, nani ana swali? Wewe, dada, uliyenyoosha mkono tangu nilipoanza kuzungumzia jokofu.